Mama Aonje Kwanza

Zipu ndiyo iliyoniamsha.

Ilikuwa zipu ya begi, ikivutwa polepole na mtu asiyetaka asikike. Inavutwa kidogo, inasimama. Inavutwa tena.

Kulikuwa hakujapambazuka. Umeme ulikatika tangu jioni, na nyumba ilikuwa nyeusi kama ndani ya chungu. Sauti ilitoka chumba cha pili, wanakolala mama mkwe na binti yangu.

"Mama?" nikaita. "Kuna nini?"

Zipu ikanyamaza.

"Natafuta dawa yangu ya mgongo, mwanangu. Wewe lala."

Nikalala. Usingizi wa mtu aliyeshinda akipiga pasi hauulizi swali mara mbili.

Kwa wewe unayejiunga nasi leo, sitakurudisha mbali. Mume wangu ni fundi wa lifti. Kazi ilipokauka hapa akaifuata mji mwingine, na simu zake zikawa za kubahatisha kama redio mbovu. Kibanda changu cha ushonaji kikaungua, cherehani na vitambaa vya watu ndani yake. Nikapata kazi kwa dobi. Jioni nasoma darasa la watu wazima, utunzaji wa hesabu, kwa sababu nimeapa sitazeeka nimeshika pasi.

Halafu mama mkwe akaja kunisaidia kulea. Nikajisemea, mgeni njoo mwenyeji apone. Wiki iliyopita niliwaacha nikimshukuru Mungu kwa ajili yake, na baadhi yenu mlisema hatimaye nimeona mwanga.

Nami nilisema hivyo hivyo.

Hamjamjua bado wifi yangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anakaa upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye ngazi ndani. Ana gari, ana mume mwenye cheo. Mtoto hakujaliwa. Kila akija kwetu huniletea nguo alizozichoka, na mtoto humletea nguo mpya. Nilidhani ndiyo mapenzi ya shangazi.

Binti yangu yuko chekechea. Baba yake alimbandika jina la Hakimu, kwa sababu hapindishi. Ukimwambia hapa hatukimbii, hakimbii hata akifukuzwa na mbwa.

Aliyemfundisha ni mimi. Tangu alipoanza kutembea, kila tukifika mahali namshika bega na kuanza na neno moja: hapa. Hapa tunavua viatu. Hapa tunanong'ona. Hapa hatuombi cha mtu. Kila mahali na taratibu yake, mwanangu. Naye hujibu kama askari, "Kila mahali na taratibu yake."

Majirani walinisifu. Nilijiona mwalimu.

Sasa, sisi tunaokaa mwisho kabisa wa mji, kule basi linakogeuzia, starehe zetu ni za miguu. Kuna bembea chini ya tangi la maji. Kuna bwawa la samaki kwenye bustani ya miche, ambako kutazama ni bure mradi usichume. Na ubavuni mwa gereji kuna mgahawa wa viti vya plastiki, ambao nusu sahani yake ya mtoto humshibisha mtoto na mtu mzima aliyekaa karibu naye.

Njia hiyo yote nilimwelekeza mama mkwe mimi mwenyewe, kwa maneno tu, maana kazi haikunipa nafasi ya kuitembea na mtoto. Jumamosi mchana pia nina darasa, sikutaka mtoto afungiwe ndani. Kwenye mgahawa sikuwahi kukaa hata siku moja, nilisifiwa tu na wenzangu wa darasani. Mwenye nao wanamwita Mama Kijiko. Sheria yake ni kwamba mtoto hapewi kijiko mpaka mama yake aonje kwanza, kama chakula hakina moto wala pilipili. Kuna mtoto aliwahi kuungua ulimi pale, na tangu hapo mwanamke yule habembelezeki.

Hakimu aliponisimulia sheria hiyo macho yalimng'aa.

"Na nani anakuonjea?" nikamuuliza.

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Mimi, nani mwingine?"

Jumamosi hiyo ya zipu, mwalimu wetu alifika darasani hana sauti kabisa. Akaandika ubaoni: rudini nyumbani, nimekaukwa. Jamaa mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, tusomee basi, huku hatuoni." Tukacheka, tukatawanyika.

Nikatembea haraka, bado nina gauni langu la bluu la kwa dobi, nanukia wanga na mvuke. Moyo mweupe. Leo nitamtembeza mwanangu mwenyewe.

Nikawakuta sebuleni. Hakimu amevaa gauni aliloletewa na shangazi yake, viatu vipya, nywele zimebanwa mpaka macho yamevutika.

"Umerudi?" mama mkwe akauliza. Hakuuliza kama mtu aliyefurahi.

"Mwalimu mgonjwa. Leo pumzika, mama. Nampeleka mimi."

"Umechoka, mwanangu. Wewe lala."

"Nitalala nikizeeka."

"Mtoto ana mafua."

Nikamgeukia Hakimu. "Una mafua?"

"Sina," akasema Hakimu.

Mama mkwe akashusha pumzi. "Basi mfike kwenye bembea tu. Mgahawani msiende. Siku hizi chakula chao si safi."

"Si mlikula Jumamosi iliyopita?"

"Ndiyo maana nasema siku hizi."

"Bibi," Hakimu akasema, "lakini leo shangazi..."

"Shangazi yako leo ana kazi."

Akachukua simu yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama mkwe huyu huyu, ambaye akiongea na simu mtaa mzima hupata habari.

Hapo ndipo nikaliona begi, nyuma ya kiti. Lake ni jeusi. Hili lilikuwa jekundu, jipya, limejaa.

"Mama, begi hili la nani?"

"Nguo kuukuu," akajibu kutoka nyuma ya mlango. "Kuna mtu nampelekea."

Nikamshika mwanangu mkono, tukatoka. Hata gauni la kazi sikubadilisha.

Mlinzi wa bembea ni mzee mmoja mcheshi, kofia yake imepauka kuliko yeye. Akampandisha Hakimu, akamsukuma, kisha akaniuliza, "Leo wawili tu? Wenzenu wako wapi?"

"Wenzetu gani, mzee?"

Akalitazama gauni langu toka kola mpaka pindo. Akatabasamu kwa huruma.

"Haya, binti. Kazi ni kazi. Usione haya."

Sikuelewa. Nilitaka kumuuliza, lakini Hakimu alikwisha ruka chini, akanivuta mkono niiname.

"Mama, hapa hatusemi tunakaa wapi."

"Nani kasema?"

"Ni taratibu ya hapa."

Nikafikiri, bibi yake ana busara. Watoto wanaibwa siku hizi.

Kheri ningelitafuna neno lile kabla ya kulimeza.

Kwenye bustani ya miche, kijana anayemwagilia alimsalimia Hakimu kwa jina lake lote la shuleni, lile refu ambalo nyumbani hatulitumii. Hakimu akaitikia bila kugeuka. Tukakaa kwenye ukingo wa bwawa, tukatupa makombo ya mkate. Samaki wakaja, midomo wazi.

"Yule kakujuaje?"

"Hapa siitwi Hakimu. Hapa naitwa jina la shule."

"Aha. Na mimi hapa unaniitaje?"

Nilikuwa natania. Yeye akafikiri, akili yote ameikunja kwenye paji la uso.

"Wewe huna taratibu ya hapa," akasema. "Hujawahi kuja."

Makombo yakanitoka mkononi yote kwa pamoja. Samaki wakavurugana.

Nikampigia baba yake. Sikutegemea apokee. Akapokea, nyuma yake kunasikika nyundo zikigonga chuma.

"Mama yako na dada yako wana nini na mtoto?"

Nyundo zikaendelea.

"Nakuuliza wewe."

"Mke wangu," akasema, "usifanye haraka. Mama anajua analofanya. Ni kwa muda tu, mpaka mambo yetu yakae sawa."

"Nini ni kwa muda?"

"Kwani hawajakwambia?"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, nikapiga tena. Haipatikani.

Mwenye akili zake angemrudisha mwanawe nyumbani mbio. Lakini nyumbani ndiko kulikokuwa na zipu.

"Mama, nina njaa," akasema Hakimu.

Tukaenda mgahawani.

Mama Kijiko alituona tangu tuko barabarani. Mwanamke mpana, aproni ina mfuko mbele, na ndani ya mfuko vijiko vinalialia kila akitembea.

"Mchumba wangu wa supu amefika," akamwambia Hakimu. "Meza yako ile pale, hajakaa mtu."

Meza yako. Ilikuwa ya pembeni, imetandikwa kitambaa, na kiti kimoja kilikuwa na mto wa kumpandishia mtoto. Hakimu akaupanda kama mtu aliyefika kwake.

Mama Kijiko akanigeukia mimi.

"Karibu, dada. Wewe ndiye dada wa kazi, sio? Mama mtu aliniambia siku moja utamleta wewe. Kaa, usisimame kama mgeni. Anakuja na gari, amesema leo ana mtu wa kumtambulisha."

Sikukaa.

Akaleta nusu sahani, wali na mchuzi, mvuke unapanda. Kijiko hakukiweka mezani. Alikishika.

Nikanyoosha mkono. "Nipe nionje."

"Wewe?" Akacheka, kisha akaona sicheki. "Samahani dada yangu, si dharau. Hapa anaonja mama."

"Mimi ndiye mama."

Pale gerejini mtu aliacha kugonga. Mafundi wawili waliokuwa wanakula meza ya jirani wakainua vichwa.

"Usinitanie nikiwa kazini," Mama Kijiko akasema, sauti ameishusha. "Mama yake namjua. Kila Jumamosi anaonja mbele yangu, anampulizia, anamfuta mdomo. Mwanamke mtaratibu, ana pete kidoleni. Na bibi yake hukaa kiti kile, anakula zake."

"Yule ni shangazi yake."

"Mtoto humwita mama. Nina masikio."

Fundi mmoja akasema, "Mama Kijiko, pigisha kura basi, chakula kinapoa."

"Mtoto mzuri hakosi wenyewe," mwenzake akamalizia. Wakacheka, wakarudi kwenye sahani zao. Kwao ulikuwa mchezo.

Nikamtazama mwanangu. Amekaa wima, mikono mapajani, anasubiri kijiko. Njaa inamuuma na wala hagusi. Mvuke ulipungua, ukaisha, na bado hakugusa.

"Hakimu, inuka. Tunaondoka."

"Bado hatujala."

"Tutakula nyumbani."

Nikamshusha kitini. Gari likasimama mlangoni.

Wifi ndiye aliyetangulia kushuka, kisha mama mkwe akiwa amekumbatia begi jekundu, ukanda wa gauni la mwanangu umetokeza kwenye zipu. Nyuma yao mwanamke wa makamo, viatu vya chini, sura ya upole, sura ya mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza vilio vya watu.

Nilitegemea wifi ashtuke. Hakushtuka.

"Wifi," akasema, akanibusu shavuni. "Afadhali umekuja. Ni vizuri na wewe uwepo."

Bora angenitukana.

"Mimi natoka ofisi ya watoto," akasema yule wa makamo. "Wewe ndiye mama mzazi?"

"Mimi ndiye mama. Hakuna mwingine."

"Sikatai. Shangazi mtu ameleta ombi la kupewa ulezi. Anasema wewe hushindi na mtoto, asubuhi kazini, jioni darasani, na kwamba yeye ndiye amekuwa mama kwake. Baba wa mtoto hana pingamizi. Nimekuja kuona mtoto anajulikana na nani."

Baba wa mtoto hana pingamizi.

"Nasoma kwa ajili yake," nikasema. "Darasa ni kwa ajili yake huyu."

"Nimekusikia, dada. Kila mtu atasema." Akamgeukia mwenye mgahawa. "Mama, wewe hapa unamjua nani kama mama wa mtoto huyu?"

Mama Kijiko alinitazama mimi. Akamtazama wifi. Niliona wazi kwamba kitu kimeanza kumkaa vibaya rohoni, lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea ya kweli.

"Mimi nasema nilichokiona," akajibu. "Anayeonja ni huyu." Akamwelekeza wifi kwa kijiko.

"Na huyu wa gauni la bluu?"

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona."

Hakusema uongo hata neno moja. Wangeulizwa mzee wa bembea na kijana wa bustani, wao pia wasingesema uongo. Ndipo nikaona matembezi yale yalikuwa ya nini. Mwanangu hakuwa anatembezwa. Alikuwa anaonyeshwa watu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mtaa mzima uwe shahidi. Na njia niliwachorea mimi.

Nikamfuata mama mkwe.

"Mama. Sema ukweli. Wewe umelala na mimi nyumba moja."

Akanikaribia kama anayetaka kunituliza, akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilinuka ile dawa ya mgongo.

"Mwanangu," akanong'ona, "wewe bado kijana. Utazaa wengine. Yeye hatapata."

Kisha akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Tusimvuruge mtoto."

Hapo nikakumbuka kitu, na nguvu zikanirudia. Nikakumbuka mwanangu ni nani. Huyu hapindishi. Huyu hata mafua hakukubali kusingiziwa.

"Muulizeni yeye," nikasema. "Mtoto wangu hajui kudanganya. Muulizeni yeye, na atakalosema ndilo hilo."

Afisa akamtazama wifi.

"Nami nakubali," wifi akasema taratibu. "Aulizwe."

Mbona alikubali upesi hivyo? Nililiona swali hilo likipita, sikulishika. Nilikuwa nimemwamini mwanangu kuliko nilivyowahi kumwamini mtu.

Afisa akachuchumaa mbele ya Hakimu. Mafundi wakaacha kula. Hata Mama Kijiko alivizuia vijiko vya mfukoni visigongane.

"Mrembo," afisa akasema, "usiogope mtu yeyote. Niambie, mama yako ni yupi?"

Hakimu akanitazama kwanza. Akanitabasamia, tabasamu lile analonipa akiwa analijua jibu na anataka nimwone akilisema. Kisha akatazama meza yake, mto wake, sahani iliyopoa. Akakitazama kijiko mkononi mwa Mama Kijiko.

Akanyoosha mgongo, kama nilivyomfundisha.

Ndipo nikajua. Nilifungua mdomo kumwita, lakini kidole chake kilikwisha kunyanyuka, hakikuja upande wangu.

"Hapa, mama ni yule."